Jino Lisilouma: Uchambuzi wa Kisa cha Ugonjwa wa Fizi kwa Mfanyakazi wa Zamu ya Usiku

Mgonjwa wa kisa hiki ni mwanamume wa miaka 44, mwendesha mashine katika kiwanda cha bidhaa za plastiki kando ya Barabara ya Nyerere jijini Dar es Salaam, mkazi wa Gongo la Mboto, mwenye mke na watoto watatu. Jina lake silitaji, na mambo machache ambayo yangeweza kumtambulisha nimeyabadilisha. Alifika kliniki yetu ya Buguruni saa tatu kasorobo asubuhi akitoka moja kwa moja kwenye zamu ya usiku, macho mekundu kwa kukesha, na baada ya salamu akasema, "Dokta, nitolee tu hili jino nikalale. Usiku naingia tena." Jino lenyewe lilikuwa la mbele, la chini, la kwanza upande wa kushoto, na lilikuwa limelegea kiasi kwamba ulimi ulilisogeza kila alipozungumza. Kwa miezi mitano alikuwa ameacha kung'ata muhindi wa kuchoma na kutafuna muwa. Nilimuuliza kama linauma. "Haliumi, Dokta," akajibu. "Lingeuma ningeshakuja siku nyingi."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nikiandike kisa hiki kwa urefu. Ugonjwa wa fizi kwa watu wazima huweza kula mfupa unaoshikilia meno kwa miaka kumi bila kumnyima mtu usingizi hata usiku mmoja, na mfanyakazi ambaye kila saa yake ina mwenyewe humtafuta daktari pale tu maumivu yanapomlazimisha. Kati ya ugonjwa usiouma na mtu asiye na muda, jino hupotea bila mtu yeyote kukosea jambo kubwa. Nimekuja kuamini kwamba hitaji la matibabu ya fizi kwa watu wanaofanya kazi haliwezi kupimwa kwa kuangalia kinywa peke yake. Ni lazima daktari apime pia muda wa mgonjwa, na aupange kwa uangalifu uleule anaoupangia dawa.

Kung'oa jino lile kungechukua dakika kumi, nikihesabu na muda wa kusubiri ganzi ishike. Ndivyo alivyotendewa miaka saba nyuma, kwingineko, kwa gego la pili la juu upande wa kulia. Nilipomuuliza kama gego hilo lilikuwa limetoboka, alitikisa kichwa. "Lilikuwa zima, Dokta. Niliondoka nalo kwenye karatasi, nikawaonyesha nyumbani, halina hata doa." Kwangu maelezo hayo yalikuwa na uzito kuliko kipimo chochote nilichofanya baadaye, kwa sababu gego zima lisilo na tundu halilegei lenyewe kwa mtu wa miaka 37. Ugonjwa ulikuwa umeshajitangaza wakati ule, na jino lililong'olewa liliondoka na ushahidi wake. Nilimwomba anipe nusu saa kabla hatujaamua lolote, naye akakubali kwa heshima, ingawa niliona anavyoitazama saa ya ukutani.

Nyuma ya meno ya mbele ya chini palikuwa na ugaga uliojijenga kama ukuta, wa rangi ya kahawia, umeyaunganisha meno sita hadi nafasi za katikati hazikuonekana. Wazee wetu wengine huuita ukoga. Mahali hapo ndipo ugaga hupenda kukaa, kwa kuwa mate yenye madini hutokea chini ya ulimi, na utando laini wa bakteria usioondolewa huko hugeuka kuwa kitu kigumu kama jiwe. Vivyo hivyo upande wa nje wa magego ya juu, karibu na shavu, ambako mirija mingine ya mate hufungukia. Fizi zake zilikuwa nyekundu na zimevimba kwenye kingo, na nilipozigusa kwa kipimio, sehemu 115 kati ya 186 zilitoa damu. Alikuwa na meno 31, na kila jino hupimwa mahali sita.

Kipimio nilichotumia ni kile cha Shirika la Afya Duniani, chenye kichwa cha mviringo cha nusu milimita na ukanda mweusi unaoanzia milimita 3.5 hadi 5.5. Kilitengenezwa kuendana na mfumo wa mwaka 1982 wa kupima mahitaji ya matibabu ya fizi katika jamii, mfumo unaogawa kinywa katika sehemu sita na kuipa kila sehemu alama ya jino lililo baya zaidi: 0 kwa fizi nzima, 1 kwa damu, 2 kwa ugaga, 3 kwa mfuko wa milimita 4 au 5 kati ya fizi na jino, na 4 kwa mfuko wa milimita 6 au zaidi. Mwenye 1 anahitaji kufundishwa usafi wa kinywa, mwenye 2 au 3 anahitaji pia kusafishwa meno, na mwenye 4 anahitaji matibabu ya kina zaidi. Mgonjwa wetu alipata 4 juu kulia, 2 juu mbele, 3 juu kushoto, 3 chini kushoto, 2 chini mbele na 3 chini kulia.

Hapo pana jambo ambalo lisipotazamwa kwa makini humpotosha daktari. Sehemu ya chini mbele, palipokuwa na jino lililomleta, ilipata alama 2 tu, kana kwamba hitaji lake lilikuwa dogo kuliko la magego ambayo yeye hakuwa na habari nayo. Sababu ni kwamba mfumo ule hupima kina cha mfuko na hauhesabu fizi iliyokwisha kushuka. Kwenye jino lile mfuko ulikuwa wa milimita 3, lakini fizi yenyewe ilikuwa imeshuka milimita 4 kutoka mahali pake pa asili, kwa hiyo mshiko uliopotea ni milimita 7. Mzizi wa jino hilo kwa kawaida huwa na urefu wa milimita 12 hivi. Picha ya eksirei ilionyesha mfupa umeshuka kupita nusu ya mzizi. Udhaifu huo ulijulikana, na katika mwongozo wake wa mwaka 1997 Shirika la Afya Duniani liliongeza kipimo cha mshiko uliopotea, lakini kliniki zenye msongamano bado zinaweza kuridhika na ile alama moja. Kwa mgawanyo mpya uliokubaliwa mwaka 2017, ugonjwa wake ulikuwa wa hatua ya III na wa kasi ya C, yaani mkali na unaokwenda mbio, kwa sababu asilimia ya mfupa uliopotea ilikuwa kubwa kuliko umri wake kwa miaka.

Nilipomwuliza habari za damu ndipo kisa kilipofunguka. Alisema damu ilianza kumtoka akipiga mswaki mwaka uliotangulia, miezi michache baada ya kuacha sigara alizokuwa akivuta tangu ujana. Yeye na mkewe walikuwa wamefikia hitimisho lao: kuacha sigara ndiko kulikomharibu fizi, na kuna siku alifikiri kuzirudia. Nilishtuka, lakini hoja yake haikuwa ya kipuuzi, kwa sababu alichokiona kilikuwa kweli. Tumbaku hupunguza damu kutoka kwenye fizi hata pale ugonjwa unapoendelea chini yake, hivyo mvutaji anaweza kuwa na mifuko mirefu na fizi zisizotoa damu. Anapoacha, fizi hupata nguvu ya kuonyesha kwamba zinaumwa. Damu ile ilikuwa dalili ya mwili unaorejea kujitetea, na laiti mtu angemweleza hivyo mapema angekuja mwaka mzima kabla.

Badala yake jirani alimwambia ana kiseyeye. Neno hilo tulilijifunza sote katika madarasa ya sayansi shuleni: mtu akikosa vitamini C, fizi zinatoka damu. Limekaa akilini mwa watu kiasi kwamba kila damu ya fizi huitwa kiseyeye na kila kiseyeye hutibiwa kwa machungwa. Kiseyeye cha kweli huhitaji wiki nyingi za kukosa matunda na mboga karibu kabisa, na huyu ni mtu anayepita kila siku kwenye mikokoteni ya machungwa ya Muheza na ambaye nyumbani kwake mchicha ni mboga ya kawaida. Alikula machungwa, kisha akaongeza ndimu, akizifyonza kazini usiku, na matokeo yake yalikuwa shingo za meno zilizoanza kulika kwa asidi na kusisimka kwa maji baridi. Kosa kubwa zaidi lilikuwa jingine. Kwa kuwa mswaki ulitoa damu, aliacha kuupitisha mahali palipotoka damu, akiamini anapapumzisha. Palepale palipohitaji kusafishwa zaidi ndipo palipoachwa kabisa.

Uhusiano kati ya utando na fizi si jambo la kubahatisha. Katika jaribio lililofanywa Aarhus, Denmark, na Harald Löe na wenzake, na kuchapishwa mwaka 1965, watu 12 wenye fizi nzima waliacha kusafisha meno yao kwa makusudi. Wote waliugua fizi ndani ya siku 10 hadi 21, na waliporudia kusafisha, fizi zikapona ndani ya wiki moja hivi. Kuvimba huko kwa mwanzo hurudi nyuma. Mfupa ukishaanza kuliwa, hasara hiyo hairudi kwa kusafisha. Kinachoweza kufanywa ni kuisimamisha. Mgonjwa wetu alikuwa amevuka mpaka huo miaka mingi, lakini kila siku iliyobaki ilikuwa na maana, kwa sababu meno 31 bado yalikuwa kinywani na mengi yalikuwa na mshiko wa kutosha.

Nilimpima sukari kwa kipimo cha wastani wa miezi mitatu kisichohitaji mtu kufunga kula, kwa kuwa kisukari na ugonjwa wa fizi huchocheana pande zote mbili. Kilikuwa asilimia 5.4, kiwango cha kawaida. Basi visababishi tulivyobaki navyo vilikuwa utando, ugaga, miaka ya sigara, na maisha ya zamu.

Sasa nieleze nilipokosea. Siku ile ya kwanza nilimweleza ugonjwa wake kwa dakika ishirini, nikamwonyesha picha, nikasafisha ugaga wa juu juu wa meno ya mbele ya chini, kisha nikampa kadi yenye miadi minne ya kusafisha chini ya fizi, robo moja ya kinywa kila mara, kila Jumanne saa tatu asubuhi. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nilivyozoea. Alikuja Jumanne ya kwanza. Ya pili hakuonekana, ya tatu hakuonekana, na mimi nikaandika katika faili lake kwamba mgonjwa hazingatii matibabu. Sentensi hiyo ilikaa pale wiki tano, na ninaona aibu kwayo, kwa sababu nilikuwa sijamwuliza swali moja rahisi: anafanya kazi siku zipi?

Muuguzi wetu ndiye aliyempigia simu. Tukaelewa kwamba kiwanda chake kinaendesha zamu za saa kumi na mbili: siku nne mchana, siku mbili za mapumziko, siku nne usiku, siku mbili za mapumziko, kisha inaanza upya. Mzunguko huo ni wa siku 12, nami nilimpangia matibabu kwa wiki ya siku 7. Jumanne moja ilimkuta kazini, Jumanne nyingine ilimkuta amelala baada ya kukesha, na ile aliyokuja aliipata kwa bahati. Nilimuuliza kwa nini hakuomba ruhusa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu yake kwa mshahara kamili na nusu kwa nusu mshahara, mradi awe na cheti cha daktari, kile wafanyakazi wanachokiita ED. Alicheka kidogo. "Dokta, nikipeleka ED ya jino, msimamizi anasema jino halimzuii mtu kusimama kwenye mashine. Na kweli sina maumivu, nitasemaje?" Haki iliyoandikwa ilikuwepo, lakini ugonjwa wake haukumpa lugha ya kuidai. Kadi ya bima nayo ilielekea upande uleule: ingelipia kung'oa jino siku hiyohiyo, ila kusafisha chini ya fizi kulihitaji kibali kilichochukua siku sita. Kila mlango uliokuwa rahisi kufunguka ulielekea kwenye koleo.

Tulipanga upya. Alileta karatasi ya zamu aliyoipiga picha kwa simu, tukaitazama pamoja, na tukaona kwamba siku mbili zinazofuata zamu za mchana ndizo zinazofaa, kwani zile zinazofuata zamu za usiku huishia kitandani. Badala ya miadi minne ya nusu saa, tukaweka miwili ya saa moja na nusu, siku mbili mfululizo, kulia kwa siku ya kwanza na kushoto kwa siku ya pili. Jambo hili halikuwa la kumpendelea kwa kuhatarisha tiba. Tafiti zilizolinganisha kusafisha kinywa kizima ndani ya saa 24 na kusafisha robo kwa robo kwa wiki kadhaa hazijaonyesha tofauti yenye uzito katika kupona kwa fizi. Ratiba ya robo kwa robo ilikuwa desturi yetu sisi madaktari, na ugonjwa wenyewe haukuidai. Nimewaza sana ni wagonjwa wangapi nimewaandikia kwamba hawazingatii kwa sababu ya desturi ambayo ningeweza kuibadilisha kwa kalamu.

Siku ya pili, baada ya ganzi na usafishaji, niliyafunga meno sita ya mbele ya chini kwa waya mwembamba uliogandishwa kwa dawa ya kuzibia yenye rangi ya jino, kwa upande wa ulimi, ili lililolegea liegemee wenzake. Sikumwandikia vidonge. Alikuwa ameshanunua metronidazoli, dawa ya kuua bakteria, mara tatu kwenye duka la dawa kwa mwaka ule, kila mara akipata nafuu ya siku chache, na vidonge haviwezi kuondoa ugaga uliong'ang'ania mzizi. Nilimpa dawa ya kusukutua ya klorheksidini kwa wiki mbili tu, kwa maana ikitumika muda mrefu hutia meno madoa.

Maagizo ya kupiga mswaki yalihitaji kufikiriwa kuliko nilivyotarajia. Sote husema "asubuhi baada ya kifungua kinywa na usiku kabla ya kulala," lakini kwa mtu anayekunywa chai ya sukari saa tisa usiku, akafika nyumbani saa nne asubuhi na kulala mpaka alasiri, maneno hayo hayana mahali pa kushika. Alikuwa akipiga mswaki jioni kabla ya kwenda kazini, ili awe nadhifu mbele ya watu, kisha akilala mchana kutwa na utando wa usiku mzima, wakati ambapo mate hupungua na kinywa hubaki bila ulinzi. Tukakubaliana sentensi moja: kabla ya kulala, saa yoyote utakayolala. Mswaki mgumu aliokuwa akiutumia tukaubadilisha kwa laini, nikamwonyesha kwenye kioo jinsi ya kuulaza kwenye mstari wa fizi, na jinsi ya kupitisha kibrashi chembamba katikati ya meno pale ambapo fizi imeshuka na uzi hauwezi kujaza nafasi. Vibrashi hivyo havikupatikana Gongo la Mboto, ikabidi avifuate famasi ya katikati ya mji. Kuhusu damu nilimwambia hivi: "Kaka, ukiona damu hapo, ndipo urudie. Usipakimbie." Alirudia maneno hayo mwenyewe mara mbili.

Wiki ya 14 alikuja bila kupigiwa simu. Sehemu zilizotoa damu zilikuwa 35 kati ya 186. Mifuko mingi ya milimita 5 ilikuwa imefika 3, fizi zimekaza na kuwa za waridi, na kwa sababu uvimbe ulipungua, meno yake yalionekana marefu zaidi, jambo lililomsononesha mpaka nilipomweleza kwamba fizi imeonekana pale ilipokuwa imeshafika zamani. Jino la mbele lilikuwa limesimama. Hata hivyo gego la kwanza la juu kulia, jirani wa lile lililong'olewa miaka saba nyuma, lilibaki na mfuko wa milimita 6 mahali mizizi inapogawanyika, ambapo kifaa changu hakifiki vizuri.

Miadi ya miezi mitatu iliyofuata aliikosa, kwa kuwa kiwanda kilibadilisha zamu na karatasi yetu ikapitwa na wakati. Alirudi mwezi wa tisa tangu kuanza. Damu ilikuwa imepanda hadi sehemu 48, na ugaga mpya ulikuwa umeanza nyuma ya waya, pale ambapo mswaki hupata shida. Nilisafisha siku hiyohiyo. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 inakadiria kwamba ugonjwa mkali wa fizi uko kwa asilimia 19 hivi ya watu wenye umri wa kuanzia miaka 15, zaidi ya watu bilioni moja, na ninapoisoma takwimu hiyo simwoni mtu aliyetibiwa mara moja akamaliza. Namwona huyu, anayehitaji kuonekana kila miezi mitatu kwa miaka yote iliyobaki, katika mji ambao zamu hubadilika bila taarifa.

Kuhusu gego la juu nilimweleza njia mbili: kumpeleka kwa mtaalamu wa fizi katika Hospitali ya Taifa Muhimbili ili fizi ifunuliwe na mizizi isafishwe ikionekana, au kuendelea kulisafisha hapa tukijua kwamba huenda likaondoka baada ya miaka michache. Aliuliza ya Muhimbili inachukua siku ngapi. Nilimwambia siku moja ya kufanyiwa, wiki moja ya kula kwa upande, na siku ya kutoa nyuzi. Akatoa simu, akafungua picha ya karatasi mpya ya zamu, akahesabu kwa kidole, kisha akanielekezea siku mbili za mapumziko za mwishoni mwa mwezi. Niliandika rufaa, na safari hii nikaandika pia cheti cha ruhusa kabla hajakiomba, nikieleza kwa Kiswahili cha wazi kwamba mfanyakazi huyu ana ugonjwa wa mfupa wa taya unaohitaji upasuaji mdogo. Alikisoma polepole mpaka mwisho, akakikunja mara mbili na kukitia mfuko wa shati.